Diski Imejaa, Seva ni Kuukuu: Kubadilisha Ukubwa wa Partisheni Bila Kupoteza Data

Diski ya seva ikijaa, dalili za mwanzo mara nyingi hazifanani na diski iliyojaa. Hifadhidata inagoma kuandika, tovuti inarusha kosa la 500, sasisho linakwama katikati, na logi zinanyamaza kwa sababu zenyewe nazo zinahitaji nafasi. Unaingia kwa SSH, unapiga `df -h`, unakuta `/` (mzizi wa mfumo mzima) ina asilimia 100, na wazo linalokujia ni moja tu: nipanue partisheni, yaani kile kipande cha diski kilichotengewa mfumo huo. Si wazo baya, ila kwa seva iliyokaa kazini miaka mingi, na diski zake hazijawahi kuguswa tangu isimikwe, hilo liwe la mwisho kwenye orodha.

Anza kwa kujua nafasi imekwenda wapi:

`du -xh --max-depth=1 / | sort -h`

Hiyo `-x` ni ya lazima. Inaizuia `du` kuvuka kwenda kwenye mifumo mingine ya faili, la sivyo utahesabu na diski ambazo hazihusiki. Piga pia `df -i`, kwa sababu inawezekana baiti zipo tele ila inodi (rekodi ambazo kila faili huhitaji moja) zimekwisha. Folda moja yenye mamilioni ya vifaili vya vikao vya PHP inatosha kuleta hali hiyo. Kwenye ext4, mfumo wa faili wa Linux, idadi ya inodi hupangwa siku mfumo wa faili unapoundwa. Ukiupanua huo mfumo, inodi nazo huongezeka kwa uwiano uleule, lakini kufuta vifaili ni kazi ya dakika chache.

Mambo huwa matamu pale `df` na `du` zinapopingana. `df` inasema gigabaiti 90 zimetumika, `du` inaona 55 tu. Sababu huwa mojawapo kati ya mbili. Ya kwanza ni faili lililofutwa huku programu ikiwa bado imelishikilia, na mara nyingi ni logi ambayo mtu aliifuta kwa `rm` bila kuiarifu huduma yenyewe. `lsof +L1` italitaja pamoja na namba ya mchakato unaolishika, na ukiwasha upya huduma hiyo nafasi inarudi palepale. Sababu ya pili hufichika zaidi: data iliyolala chini ya mahali pa kupachikia diski nyingine, yaani folda ambamo diski hiyo huonekana. Tuseme diski ya bakapu ilishindwa kupachikwa usiku mmoja, na skripti ikaendelea kuandika ndani ya `/backup` kama kawaida, yaani ndani ya `/`. Kesho yake diski ikapachikwa juu yake, na faili zile zikatoweka machoni. Ziibue hivi:

`mkdir /mnt/chini`
`mount --bind / /mnt/chini`
`du -xh --max-depth=1 /mnt/chini | sort -h`

Baada ya hapo kuna usafi wa kawaida: `journalctl --vacuum-size=200M`, `apt-get clean`, kerneli (kiini cha mfumo) za zamani zilizorundikana `/boot`. Kisha kuna akiba ya ext4 ambayo wengi hawaijui. Kwa kawaida asilimia 5 ya mfumo wa faili hutengewa root (msimamizi mkuu), na kwenye partisheni ya data ya gigabaiti 500 hizo ni 25 zilizokaa bure. `tune2fs -m 1 /dev/sdb1` inazishusha hadi asilimia 1 huku mfumo ukiwa kazini. Kwenye `/` usiifute akiba hiyo kabisa, maana ndiyo inayokuwezesha kuingia na kufanya usafi siku nafasi ikiwaishia watumiaji wengine.

Ikiwa bado nafasi haitoshi, sasa twende kwenye partisheni.

Kabla ya kugusa

Tazama diski ilivyogawanywa, na utazame kwa sekta, vile vipande vidogo ambavyo diski huhesabiwa navyo. Kwenye mifumo ya zamani kama CentOS 6, `fdisk -l` huonyesha silinda, kipimo kisicho na maana yoyote kwa diski za leo. Tumia `fdisk -lu`. Tumia na `lsblk -f` uone kila partisheni ina mfumo gani wa faili, kwa sababu ext4 na XFS, mfumo mwingine wa faili, haziendi njia moja, na XFS, kwa matumizi ya kawaida, haipungui. Ukitaka kuipunguza, utatoa data yote kwa `xfsdump`, uunde mfumo upya, halafu urudishe. Ni afadhali kulijua hilo mapema kuliko kuligundua saa nane usiku.

Kisha afya ya diski. Kwenye matokeo ya `smartctl -a /dev/sda` mimi huanza na mistari mitatu: namba 5, 197 na 198. Hizo ni sekta zilizohamishwa, sekta zinazosubiri hukumu, na zile zisizosomeka tena. Namba 197 ikiwa zaidi ya sifuri, usipunguze wala usihamishe kitu chochote kwenye diski hiyo. Kupunguza mfumo wa faili ni kusoma bloki huku na kuziandika kule, na sekta mbovu moja ikikutana na kazi hiyo katikati unabaki na mfumo ambao si wa zamani wala si mpya. Diski ya namna hiyo hunakiliwa kwanza kwa `ddrescue` kwenda diski nyingine yenye afya, na mabadiliko hufanyiwa kwenye nakala. Kama diski ziko nyuma ya kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa zionekane kama moja), `smartctl` ya kawaida itakuonyesha diski ya kubuni tu. Kwa kadi za MegaRAID utaongeza `-d megaraid,0`, kisha 1, na kuendelea.

Halafu nakala. Jedwali la partisheni linahifadhiwa kwa amri moja, na faili lake ni dogo hata ukiamua kulichapisha kwenye karatasi:

`sfdisk -d /dev/sda > sda.jedwali`

Kwa diski ya GPT (muundo mpya wa jedwali; wa zamani ni MBR) kwenye mfumo wa zamani tumia `sgdisk --backup=sda.gpt /dev/sda`, kwa sababu `sfdisk` haikuielewa GPT hadi toleo la 2.26 la util-linux. Faili hilo liondoe kwenye seva, lipeleke kwenye mashine nyingine. Lakini jedwali ni mipaka tu, halina data. Data yenyewe itoe kwa `pg_dump` au `mysqldump` kama kuna hifadhidata, faili nyingine kwa `rsync -aHAX`, kisha ujaribu kurudisha kiasi chake mahali pengine na kuona kama kweli zinafunguka. Snapshoti ya LVM (tabaka la kugawa diski kwa volumu zinazobadilika ukubwa kirahisi) iliyoko kwenye diski ileile si bakapu. Diski ikifa, zinakufa pamoja.

Kupanua

Kanuni ni moja, na ndiyo inayobeba kazi yote. Ukipanua, partisheni inatangulia na mfumo wa faili unafuata. Ukipunguza, mfumo wa faili unatangulia na partisheni inafuata. Ni kama zulia na chumba: unasukuma ukuta kwanza ndipo unatandaza zulia kubwa, lakini ukuta usisogezwe ndani kabla zulia halijakatwa.

Hali nyepesi kuliko zote ni pale nafasi tupu inapokaa mara tu baada ya partisheni unayotaka kuikuza, kwa mfano diski ya mashine pepe iliyoongezwa ukubwa. Iambie kerneli ipime diski upya, halafu tumia `growpart`, na uanze na jaribio lisilobadilisha kitu:

`echo 1 > /sys/class/block/sda/device/rescan`
`growpart --dry-run /dev/sda 2`
`growpart /dev/sda 2`
`resize2fs /dev/sda2`

Angalia kuwa `growpart` inataka jina la diski na namba ya partisheni vikiwa vimetengana kwa nafasi. Kama mfumo wa faili ni XFS, mstari wa mwisho unakuwa `xfs_growfs /`, yaani unaupa mahali ulipopachikwa. Ukiulisha `resize2fs` partisheni ya XFS, utaambiwa namba ya utambulisho kwenye superbloki (rekodi kuu ya mfumo wa faili) ni mbaya. Usishtuke, hakuna kilichoharibika. Umetumia chombo kisichohusika.

Kosa jingine la kutisha bure ni `resize2fs` kujibu kwamba mfumo tayari una urefu huo na hakuna la kufanya, wakati jedwali linaonyesha partisheni imekua. Maana yake kerneli bado inatumia jedwali la zamani. Kerneli za kuanzia 3.6 zinaweza kupokea ukubwa mpya wa partisheni ikiwa kazini, na `partx -u /dev/sda` kwa kawaida inatosha. Zile za 2.6.32 haziwezi. Huko lazima uwashe seva upya ndipo upige `resize2fs`.

Pasipo `growpart`, watu hutumia `fdisk`: unafuta partisheni, unaiunda upya ikiwa ndefu zaidi. Kufuta huko kunagusa jedwali tu, data haiguswi, na ndiyo maana njia hii inafanya kazi. Sharti lake ni kwamba sekta ya mwanzo iwe ileile, bila kupungua wala kuzidi hata moja. Diski zilizogawanywa na zana za zamani mara nyingi huanza kwenye sekta ya 63, ilhali `fdisk` ya sasa inapendekeza 2048 na inakataa chini ya hapo mpaka uifungue kwa `-c=dos`. Anayebonyeza Enter bila kusoma anaunda partisheni inayoanza sekta 1,985 mbele ya data yake, na mfumo wa faili haupatikani tena. Bahati nzuri dawa yake ni ndogo: kama hakuna kilichoandikwa juu yake, unarudi kwenye `sda.jedwali` na kuweka namba iliyokuwepo.

Matoleo mapya ya `fdisk` pia huuliza kama uondoe saini ya ext4 iliyoonekana kwenye partisheni. Jibu ni hapana. Kumbuka kurudisha aina ya partisheni, 83 au 8e, na alama ya kuwakia kama ilikuwepo. Na kwenye GPT, kufuta na kuunda upya kunazaa PARTUUID mpya, yaani namba ya utambulisho ya partisheni. UUID ya mfumo wa faili haibadiliki, lakini kama `/etc/fstab` (orodha ya diski za kupachika) au mipangilio ya GRUB (programu inayowasha mfumo) inataja PARTUUID, seva haitapanda.

Seva nyingi za zamani za Debian na Ubuntu zina mpangilio ambao unaudhi: `sda1` ndiyo `/`, halafu `sda2` ya aina ya "extended" (kasha la kubebea partisheni nyingine) yenye `sda5` ndani yake, ambayo ni swapu, nafasi ya diski inayosaidia RAM. Nafasi mpya inakuja mwishoni, swapu imekaa katikati kama kizuizi. Mimi sihangaiki kuihamisha. Hakikisha kwa `free -m` kwamba kilichomo kwenye swapu kinaenea kwenye RAM, piga `swapoff -a`, futa partisheni 5 na 2, panua ya kwanza, kisha tumia faili la swapu:

`dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=2048`
`chmod 600 /swapfile`
`mkswap /swapfile && swapon /swapfile`

Badilisha mstari wa swapu kwenye `/etc/fstab`. Halafu fungua `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume`, kwa kuwa mara nyingi humo mna UUID ya swapu uliyoifuta. Ukiiacha, seva itakaa kila inapowaka ikiisubiri diski isiyokuwepo. Andika `RESUME=none`, kisha `update-initramfs -u`.

Kwenye LVM maisha ni rahisi zaidi. Baada ya partisheni kukua, `pvresize /dev/sda2`, angalia kwa `vgs` nafasi iliyopatikana, halafu `lvextend -r -L +20G` na jina la volumu. Herufi `-r` inapanua na mfumo wa faili kwa mkupuo mmoja. Sioni sababu ya kumwaga nafasi yote kwa `+100%FREE`, ingawa mafunzo mengi huandika hivyo. Nafasi iliyobaki ndani ya kikundi cha volumu inagawika popote na wakati wowote bila kuzima chochote. Ikishaingia kwenye volumu, kuitoa ndiyo kazi. Kuongeza diski ya pili kwa `vgextend` nako ni kuzuri, ila ujue kuwa volumu iliyotanda juu ya diski mbili bila RAID inaanguka ikifa yoyote kati ya hizo.

Na kuna ukuta wa MBR. Jedwali hilo huhesabu sekta kwa biti 32, kwa hiyo kwa sekta za baiti 512 mwisho wake ni tebibaiti 2. Diski ikizidi hapo, kinachozidi hakitumiki. Kuigeuza diski ya kuwakia kuwa GPT kunawezekana kwa `sgdisk`, lakini GPT inahitaji sekta 34 mwanzoni na 33 mwishoni, na GRUB kwenye mashine ya BIOS inataka partisheni yake ndogo. Diski ambayo partisheni yake ya kwanza inaanzia sekta ya 63 haina nafasi mbele ya kutosha vyote viwili. Ni afadhali data iende kwenye diski mpya ya GPT, hiyo ya kuwakia iachwe ilivyo.

Kupunguza, ambako ndiko data hupotea

Ext4 haipungui ikiwa imepachikwa. Kama ni `/`, utawasha seva kwa flashi ya uokozi. Fanya kazi kwenye konsoli, au angalau ndani ya `tmux`, kwa sababu SSH ikikatika katikati ya `resize2fs` inayopunguza hakuna kurudi nyuma kwa amani. Seva bila UPS isipunguzwe.

Tuseme `/dev/sdb1` ina mfumo wa gibibaiti 100 na unataka partisheni ibaki na 40. Usiipunguze ext4 hadi 40 kamili. Ipunguze zaidi, hadi 38, kisha ukate partisheni kwenye 40, halafu uache mfumo ujaze pengo wenyewe:

`umount /dev/sdb1`
`e2fsck -f /dev/sdb1`
`resize2fs -P /dev/sdb1`
`resize2fs /dev/sdb1 38G`
`parted /dev/sdb unit s resizepart 1 83888127`
`resize2fs /dev/sdb1`
`e2fsck -f /dev/sdb1`

Amri ya tatu inakadiria kiwango cha chini kabisa kinachowezekana, kwa bloki. Ukikaribia kiwango hicho kazi inakuwa ndefu mno, hivyo jiachie nafasi. Namba ya `parted` haikutoka hewani. Gibibaiti 40 ni sekta 83,886,080, partisheni inaanzia 2048, na sekta ya mwisho ni 2048 jumlisha 83,886,080 toa 1. `resizepart` inataka sekta ya mwisho, haitaki ukubwa. Wengi hapo ndipo wanapojikwaa.

Wengine hujikwaa kwenye vipimo. `40G` ya `resize2fs` ni gibibaiti, yaani baiti 42,949,672,960. `40GB` ya `parted` ni baiti 40,000,000,000. Aliyepunguza ext4 hadi `40G` kisha akakata partisheni kwenye `40GB` amekata karibu gibibaiti 2.75 za mkia wa mfumo wake. Akijaribu kuupachika, kerneli inakataa na kwenye `dmesg` inasema bloki 10,485,760 zimezidi ukubwa wa kifaa. Ukataaji huo ndio unaomwokoa. Data bado iko mahali pake kwenye diski, ni mpaka tu uliosogezwa vibaya, na akirudisha mpaka kila kitu kinafunguka. Kitakachommaliza ni kuiambia `e2fsck` iendelee kurekebisha. Zana hiyo ikikuambia kwamba superbloki na kifaa havilingani ukubwa na kukuuliza kama iache kazi, kubali iache, kisha rekebisha partisheni.

Kuna na kusogeza mwanzo wa partisheni kuelekea kushoto, ambako GParted hukufanya kuonekane kama mchezo wa kuvuta kwa panya. Kinachofanyika ni kunakili kila bloki kwenda mahali papya ndani ya diski ileile, kwa saa kadhaa kwenye diski ya zamani, na umeme ukikatika katikati hakuna jedwali litakalokusaidia. Kwa seva kuukuu siufanyi. Nikifika hapo ninahamisha data, partisheni ninaziacha. `/var/lib/mysql` ikiwa ndiyo mlafi, chomeka diski mpya, ipe ext4, ipachike kwa muda kwenye `/mnt/mpya`, nakili kwa `rsync -aHAX` huduma ikiwa inaendelea, izime, piga `rsync` ileile tena ukiongeza `--delete`, mzunguko huu wa pili utakuwa mfupi. Kisha:

`mv /var/lib/mysql /var/lib/mysql.zamani`
`mkdir /var/lib/mysql`
`chattr +i /var/lib/mysql`

Ipachue diski mpya kule ilikokuwa, andika UUID yake kwenye `/etc/fstab` ipachikwe `/var/lib/mysql`, na `mount -a`. Kwa kuwa njia ni ileile, AppArmor, inayolinda ni folda zipi programu inaruhusiwa kugusa, haitalalamika. Palipo na SELinux, mlinzi mwingine wa aina hiyo, piga `restorecon -R` juu ya folda hiyo. `chattr +i` inaifunga folda tupu iliyo chini, ili siku diski mpya isipopachikwa hifadhidata ishindwe kuwaka, badala ya kuanza kuandika kimyakimya ndani ya `/`.

Kabla ya kuwasha seva upya, linganisha `blkid` na `/etc/fstab` mstari kwa mstari. Ikishapanda, pitia `dmesg` ukitafuta makosa ya EXT4 au XFS, na uone `df -h` inasema ulichotarajia. `mysql.zamani` bado inakula nafasi uliyokuja kuitafuta, lakini iache mpaka bakapu moja kamili ipite kutoka mahali papya na ijaribiwe kurudishwa. Ndipo uifute.